Poda ya Professeur

Siku nilipotetea mbele ya walimu wa chuo kazi yangu ya licence, shahada ya kwanza, ya mathématiques, jamaa zangu walinimwagia poda nyeupe kichwani, kama wanavyofanyiwa wote wanaofaulu. Mama akapiga vigelegele: "Professeur! Professeur!" maana kwake aliyesoma hesabu ni mwalimu tu. Poda ilitoka kwa maji ya kwanza. Jina limegoma kutoka. Mtaa wetu wote wa Ndosho, kuanzia waendesha pikipiki mpaka wauza makala ya kupikia, wananiita Prof, na mimi sijawahi kushika chaki.

Jana nilienda kuomba kazi kwenye ofisi moja ya mtaa wa Keshero. Walitafuta mtu wa takwimu, wa kukadiria maji na chakula cha wakimbizi. Nilifurahi kweli, maana hiyo ndiyo kazi niliyosomea.

Mkuu wa ofisi, Papa Harelimana, alitazama diplome yangu, akacheka kwa upole.

"Kavira, hapa wameandika mathématiques. Mbona hauendi kufundisha?"

"Papa, takwimu ni mathématiques."

"Hapana. Sisi tunatafuta mutu wa bureau. Wewe uko mwalimu."

Nilimeza hasira, nikabeba diplome yangu. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Prof! Binti yangu Daniella anataka kusoma mathématiques, na mama yake anamukataza. Uje kwetu dimanche tukitoka kanisani, utuelezee kazi zenye mutu anaweza pata nayo."

"Nitakuja, papa," nikamjibu. "Nitaanza na hii uliyoninyima sasa hivi."