Kura ya Mwizi

Madamu Shamim, naibu mkuu wa shule, alichana kurasa za daftari vipande vipande akavigawa: arobaini na viwili, kimoja kwa kila mwanafunzi. Mlango wa darasa ulikuwa umefungwa tangu saa nne. Hakuna aliyekunywa uji, wala aliyeruhusiwa kwenda chooni.

"Kalkuleta ya Raisa haikuondoka yenyewe," alisema. "Andikeni jina la mwizi. Atakayepata kura nyingi, ndiye."

Farouk, aliyekaa mbele, akanyoosha mkono. "Na kama mtu hajui, Madamu?"

"Darasa zima haliwezi kukosa kujua."

Aryemo alikikunja kipande chake, akakikunjua. Hii ilikuwa wiki yake ya saba katika shule hii ya Kyambogo. Baba yake, koplo wa polisi, alikuwa amehamishwa kutoka Gulu, na sasa watu sita walilala chumba kimoja katika kambi ya polisi ya Naguru. Siku ya kwanza alijitambulisha mbele ya darasa, akasema anakaa kambini. Aliporudi kuketi, msichana wa benchi la jirani akauvuta mkoba wake mwenyewe akauweka mapajani. Tangu hapo, kila kilichopotea, iwe kalamu au soksi, macho yalianzia kwake.

Ni Esperance peke yake aliyemsogezea nafasi kwenye benchi. Yeye alitoka Kongo, na mama yake aliuza sombe, mboga ya majani ya muhogo, soko la Nakawa. Wakawa wakizungumza Kiswahili kwa sauti ya chini, kwa kuwa pale shuleni Kiswahili kiliitwa lugha ya wanajeshi na wezi.

Wiki ya tano, kina Raisa walimwita Aryemo mezani kwao wakati wa chakula. Mmoja wao aliiga Kiingereza cha Esperance, wote wakacheka. Aryemo alicheka pia, akakaribishwa tena kesho yake. Siku zilizofuata Esperance alimsalimu kwa Kiswahili, naye akamjibu kwa Kiingereza. Kisha siku moja Esperance alipita karibu na meza ile, na Aryemo akashtuka kuona mkono wake mwenyewe umeushika mkoba.

Sasa alisikia kalamu zikikwaruza. Hakuna aliyemwambia aandike jina gani. Ila Farouk aliandika bila kuficha, na Aryemo aliona herufi ya kwanza. Akatupa jicho kulia. Herufi ileile. Haikuwa A. Mabega yake yalilegea kwa nafuu, akapumua kama mtu aliyetua ndoo.

Alijua kwamba mapumziko yote ya jana yake, ambapo kalkuleta ilisemekana kuibwa, Esperance alikuwa naye bombani, akimsaidia kuosha doa la wino kwenye sketi. Alijua hivyo vizuri. Aliandika jina lote, kwa mwandiko wake mzuri, akakunja.

"Esperance," alisoma Madamu Shamim. "Esperance. Esperance." Baada ya ishirini hivi aliacha kusoma, akawa anahesabu tu. Arobaini. Vipande viwili vilikuwa na neno moja: *Sijui*.

Esperance alisimama. Alimtazama Aryemo, akafungua kinywa, kisha akakifunga.

"Chukua vitu vyako," Madamu akamwambia.

Siku ya nne baada ya kura, Raisa alikuja na kalkuleta yake mkononi. Ilikuwa imeangukia chini ya kiti cha gari la baba yake. Alimpelekea Madamu Shamim, darasa zima likitazama.

"Iweke mkobani," alisema Madamu. "Kura ilishapigwa, na barua ilishakwenda kwa mkuu. Fungueni ukurasa wa hamsini."

Wakafungua ukurasa wa hamsini.

Jumamosi Aryemo alitumwa vitunguu Nakawa. Alipita njia ya mbali ili akwepe upande wa wauza mboga, lakini mtu akamwita kwa nguvu.

"Aryemo! Dada!"

Esperance alimkumbatia mbele ya watu. Nyuma yake mama yake alikuwa akitwanga majani ya muhogo, mikono kijani hadi viwikoni.

"Mama, ni huyu nilikuambia. Batu arobaini baliandika jina yangu. Karatasi mbili tu zilikataa. Moja ni ya mimi." Akamshika Aryemo mkono. "Ingine, najua ni weye."

Aryemo alitazama mchi.

"Nilitaka kusema tulikuwa bote ku bomba. Nikaona bangesema tuliiba bawili. Nikanyamaza."

"Mungu akubariki, mtoto yangu," alisema mama, akamfungia sombe kwenye jani la mgomba.

Neno lilimfika Aryemo mdomoni: kalkuleta imepatikana. Lakini angelisema hilo, Esperance angeuliza mengine.

"Umefika wakati muzuri," Esperance akanong'ona mama alipogeukia mteja, akatoa karatasi safi. "Madamu anasema nitarudi kama nitaleta barua ya kukiri, mama aweke sahihi. Kiingereza yangu banacheka. Niandikie."

"Ukiri nini?"

"Vile banataka. Minataka kusoma."

Aryemo alipiga magoti kando ya kinu, akaweka karatasi juu ya gunia. Aliandika polepole, bila kosa hata moja. Esperance aliketi karibu naye akisifu mwandiko.

"Inasema nini?" mama aliuliza. Hakujua kusoma.

Esperance aliinamisha uso. Aryemo ndiye aliyejibu.

"Inaomba arudi shuleni, mama."

Mama alifuta mkono kwenye kitenge, akaunyoosha. Aryemo alivunja mrija wa kalamu, akakipaka wino kidole gumba cha mama, akakibonyeza chini ya mstari uliosema binti yake ni mwizi, akakishikilia mpaka alama ikatoka vizuri.