Chai Aliyoikaanga Mama

Mdogo wangu Ai Sanlai atanipeleka kaburini kabla ya siku zangu, na hata huko atataka kwanza wanichagulie udongo.

Jambo lenyewe lilikuwa jepesi. Baba ana uvimbe kwenye ulimi. Adhuhuri ile gari lilikuwa linakuja kumchukua kumpeleka hospitali, mjini Menghai, akakatwe ulimi, na daktari alishatuambia wazi kwamba baada ya hapo asitarajie tena kuonja kitu. Basi baba akaomba kitu kimoja tu: anywe chai ya mama. Majani yake mama aliyachuma kwenye mti wetu mkongwe kule msituni, akayakaanga kwa mkono wake, baba akayashindilia yakawa mikate ya mviringo, maana chai ya kwetu hutunzwa miaka mingi ndipo ikolee utamu. Mwaka huohuo mama akafariki. Umebaki mkate mmoja, umefungwa karatasi, na anayeutunza ni Sanlai.

"Bado, dada," akaniambia, kaukumbatia mkate kifuani. "Hii inataka miaka kumi tena. Kuifungua sasa ni kuiharibu."

"Miaka kumi? Baba atainywa kwa ulimi wa nani?"

"Usinifokee. Hii ikinywewa, mama naye ndiyo basi tena."

"Mama alishakwenda zamani, wewe! Aliyebaki ni huyo hapo!"

Baba alikuwa ameketi barazani, kimya, maana kusema kunamuuma. Akanyoosha mkono. Sanlai akalegea. Lakini mnadhani aliharakisha? Thubutu! Maji ya bomba hayafai, akasema, sharti ya chemchemi ya juu. Akabeba ndoo, huyo, akapanda mlima. Aliporudi akaanza kutafuta birika dogo la udongo, nalo liko mbele ya macho yake. Nilitamani kumzaba kofi, mtu mzima mwenye watoto watatu.

Kuumega mkate nako ikawa shughuli. Akachomeka sindano nene ubavuni mwa mkate, akawa anabandua majani tabaka kwa tabaka.

"Lete nyundo tumalize!" nikasema.

"Yakivunjikavunjika chai inakuwa chungu. Shida yako, dada, huna subira."

Mimi sina subira! Nimemuuguza baba tangu mvua zianze, nimemsagia kila tonge, halafu mimi ndiye sina subira!

Maji yalipotokota kwelikweli akayamimina juu ya majani, na papo hapo akayamwaga yote. Yale ya kwanza ni ya kuosha tu, kila mtu kwetu anajua, baba mwenyewe ndiye aliyetufundisha, lakini siku ile aliyatazama yakimwagika kama mtu anayeibiwa. "Vumilia, baba," nikamwambia. "Mwanao huyo." Maji ya pili hayakukaa sana. Sanlai akajaza kikombe, chai nyekundu iliyokolea ikakaribia weusi, na hapohapo honi ikalia barabarani.

Baba akavuta funda, akalizungusha mdomoni taratibu, akafumba macho. Sanlai akamkodolea macho.

"Imeungua," baba akasema.

"Nini, baba?"

"Majani. Aliyaunguza." Kila neno lilimkunja uso, lakini hakunyamaza. "Nilimwambia moto mkali, toa kuni. Akanijibu chai haikaangwi kwa mdomo, nikae kando. Siku ile tulilala hatusemezani." Akanywa tena. "Si nilisema mimi? Si nilisema? Mwanamke mbishi yule!" Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, naye anacheka.

Tukaonja na sisi. Kweli, funda likishapita koo kulibaki ladha ya moto. Sanlai akauangalia mkate aliouabudu miaka yote ile, nikamwonea huruma kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Basi tuiache hii, baba," akasema kwa unyonge. "Nikupikie nyingine, nzuri."

"Mimina!"

Akamimina. Baba akanywa, akatikisa kichwa, akanung'unika jina la mama, akasukuma kikombe kijazwe tena. Honi ikalia mara ya pili, ndefu. Nikatoka mbio mpaka barabarani.

"Mama, tunachelewa," dereva akasema. "Mzee yuko wapi?"

"Zima gari," nikamwambia. "Anagombana na mke wake."