Nailoni Haisemi

"Mjomba, sumu hii si yangu, ni yako," alisema Jenifer, akimhamishia Agape kwenye ziwa la kushoto. "Mimi nimenyonyesha tu."

"Hata shikamoo huna? Punguza sauti. Tuko kwenye msaragambo, kazi ya kijiji, hatuko gulioni."

Mjomba Fredrick, mwenyekiti wa ndiva, bwawa la kijiji la kumwagilia, alikuwa amekaa ukingoni mwake. Mikono ya shati lake jeupe ilikuwa myekundu hadi viwikoni. Watu wa Suji waliokuja kuzoa tope waliacha majembe wasikilize. Wakulima wa nyanya walikuwa wekundu pia, mwenye shamba dogo kidogo, mwenye shamba kubwa hadi mabegani.

Chanzo kilijulikana. Shukrani, dada yake Jenifer, ni mkemia. Alitengeneza karatasi za kupimia maji kwa nyuzi za mgomba, akanasishia humo kimeng'enya kinachoitambua dawa ya kupulizia nyanya. Kikikutana nayo, karatasi inakuwa nyekundu. Alipomaliza kupima, mama yao, Dorkasi, ambaye hajawahi kuacha kitu kigande kwenye chombo, alilisuuza beseni la rojo la nyuzi hizo ndani ya ndiva. Tangu hapo kila nguo ya pamba iliyofuliwa humo ilifanya kazi ya karatasi. Shukrani alieleza kwamba pamba na mgomba vyote ni selulosi. Hakuna aliyebisha. Wanawake walitaka kujua tu kama limau linatoa. Halikutoa.

Wekundu ulimfuata kila mtu kwa lake. Waliooshea pampu za dawa ndivani ulikaa mikononi. Waliokunywa ulikaa tumboni. Wanaonyonyesha ulikaa kifuani, duara mbili. Nepi za Agape zilikuwa nyekundu zote.

"Mnaacha lini kuoshea pampu humu?" aliuliza Jenifer.

"Nyanya zioze?"

"Sijasema usipulize. Oshea shambani kwako."

"Nipandishe maji mlimani kwa ndoo, kisa nepi?"

Watu wakacheka. Daudi wa kwaya akanyoosha kidole. "Mwenyekiti, hayo ya nepi yangoje. Jumapili tuna mchungaji mgeni. Tukisimama na majoho haya atadhani tumetoka machinjioni."

Hapo mkutano ulichangamka. Mmoja alisema nailoni haijashika rangi hata kidogo. Fredrick alimgeukia Shukrani, naye, kwa kuwa aliulizwa, akajibu kwamba nailoni si selulosi.

"Basi, mtaalamu amesema," alisema Fredrick. "Wanaotaka nailoni?"

Mikono ikapanda. Wa Dorkasi pia. Kura ya kuacha kuoshea pampu humo haikupigwa.

Salimu wa bodaboda aliteremka mjini Same, akarudi na robota la mitumba ya nailoni. Watu walibadilisha palepale, wanaume nyuma ya migomba, wanawake nyuma ya shuka lililoshikwa na wenzao. Nguo za pamba zilichomwa pamoja na magugu. Suji ikawa safi.

Dorkasi alimletea binti yake gauni la bluu. "Vaa, mwanangu. Usitutie aibu."

Jenifer alivaa, lakini kanga yake hakuitoa ichomwe. Alimnyonyesha Agape. Gauni lilibaki bluu. Mtoto alinyonya, akakunja uso, akanyonya tena. Hatua chache kutoka pale mjomba wake, ndani ya shati linalong'aa, alizamisha pampu kwenye maji, akaitikisa, akaimwaga humohumo.

"Shukrani," alisema Jenifer, "chumbani kwako Same kuna maji ya bomba?"

"Yapo, ila ya mgawo. Na chumba chenyewe unakijua, kitanda na jiko."

"Panatosha."

Alijifunga kanga juu ya gauni, akalivuta gauni kwa chini, akaliweka mapajani mwa mama yake. Duara zote mbili nyekundu za kanga zilikuwa mbele, mahali pake. Akambeba Agape mgongoni, akapanda pikipiki ya Salimu.

"Na mahindi yako?" Dorkasi aliita. "Na zamu yako ya maji?"

"Mpe mjomba. Anajua kuyatumia."

"Jenifer! Utapitaje mjini na kifua hicho?"

"Polepole, mama, ili wakione. Washa, Salimu."

Salimu akawasha. Walipokata kona ya kwanza Fredrick alikuwa akisuuza pampu ya pili, na wanawake, nguo zao safi kabisa, walikuwa wamejipanga na ndoo.