Vanila ya Léa

Simu ya Abigaëlle iliingia Jumamosi saa sita mchana, na kama kawaida ya simu za kutoka Mokambo, nusu ya maneno ilibaki mpakani.

"Mama, leo siwezi kufika. Lori yetu balizuia, tutangoja mpaka kesho alfajiri. Nitashukia kanisani moja kwa moja. Umusuke mutoto. Vanila tu, Mama. Vanila! Usimuwekee uzi, unanisikia?"

"Nasikia," Delphine akajibu, na simu ikakatika.

Alisikia, ila hakuelewa. Vanila aliijua: ni ule unga wenye sukari na harufu nzuri, unaotiwa katika keki. Ilikuwa na kazi gani kichwani mwa mtoto? Lakini siku hizi wanawake wanapaka nywele mayai, wanapaka parachichi, wanapaka maji ya mchele. Kwa nini isiwe vanila? Angeweza kumpigia tena bintiye na kumwuliza, lakini aliona haya. Mtu aliyesuka vichwa vya watoto wake sita kwa mikono yake haanzi kuuliza maswali uzeeni.

Kesho yake, saa moja asubuhi, mjukuu wake Léa angepokea komunyo ya kwanza. Alikuwa na miaka tisa. Wakati huo alikuwa parokiani, akifanya mazoezi ya kutembea na mshumaa pamoja na wenzake. Gauni jeupe lilikuwa tayari, linaning'inia kwenye msumari. Viatu vilikuwa tayari. Kilichobaki ni kichwa tu.

"Baba Abi!" Delphine akamwita mumewe. "Enda kwa soko, ulete vanila ya Léa."

Alphonse alikuwa amefanya kazi ya reli miaka thelathini, na tangu astaafu hakuna kitu kilichomharakisha tena.

"Ya ngapi?"

"Ya kutosha kichwa kimoja."

"Kichwa?"

"Enda tu!"

Akaitafuta kofia yake mpaka Delphine alipomwambia kwamba ameivaa. Soko liko karibu, kuvuka mto Naviundu tu, mwendo wa robo saa. Alphonse akarudi karibu saa tisa.

"Sylvain wa kwa soko anakusalimia," akasema. "Nilimushinda muchezo wa dama mara mbili."

"Na vanila?"

Akatoa mfukoni paketi sita ndogo na kuzipanga juu ya kiti, moja moja, kama mtu anayetoa ushahidi. "Mutu wa soko alisema paketi mbili zinatosha keki moja. Mi nikawaza, kichwa iko kikubwa kuliko keki."

Delphine akazikusanya paketi. Léa alikuwa amerudi, nywele zake zilikuwa zimefumuliwa na kuoshwa tangu asubuhi, na jua lilikuwa linaenda. Akatandika mkeka uani, akamkalisha mtoto katikati ya magoti yake, akamimina paketi moja ndani ya kopo la vazelini na kukoroga kwa kidole. Akachora mstari wa kwanza kwa kichana. Akapaka. Akachora wa pili. Akapaka.

"Kambo," Léa akasema. Bibi na babu, wote wawili aliwaita Kambo, kama watoto wote wa mtaa. "Kuko harufu ya keki."

"Tulia."

"Na kuko kitu inanikwaruza."

"Ndiyo vanila yako. Mama yako mwenyewe alisema."

Léa akageuka na shingo yote, kichana kikabaki kinaning'inia hewani. "Kambo! Vanila haiko ya kupaka! Iko ya kusuka! Unakamata nywele mbili, unazizungusha hivi, hivi, mpaka chini. Bote banaita vile, vanila!"

Kwanza mtoto alicheka. Kisha akajigusa kichwa, akaona chembe za sukari zimeng'ang'ania vidoleni, na uso ukaanza kukunjamana. Nyuma ya mlango Alphonse alikohoa kile kikohozi chake cha kuficha kicheko.

"We kohoa tu," Delphine akasema bila kugeuka. "Kohoa. Sisimizi bakija usiku, nitabaonyesha kitanda yako."

Ikabidi kuosha upya. Bomba lilikuwa kavu tangu saa nne, na maji ya ndoo ya mwisho yalikuwa yameshapikiwa. Delphine akasimama uani, mikono imejaa mafuta yenye sukari, akiwa hajui aanze na lipi. Ndipo Kavugho akachungulia juu ya ukuta. Kavugho alikuwa jirani yao, mama wa kutoka Butembo anayeuza unga kwa jumla. Anasali kanisa jingine kabisa.

"Mama Delphine, nasikia kelele ya keki na sioni keki."

Delphine akamweleza. Kavugho alicheka mpaka akajishika ukuta, lakini alicheka huku akiondoka, na baada ya dakika chache akaingia langoni na bidoni ya maji begani, na paketi mbili za meshi nyeusi, yaani nywele za kuunganishia, kwapani.

"Hizi ni za binti yangu. Yeye atangojea wiki ijayo."

"Amekubali?"

"Atajua akizitafuta."

Delphine aliona kwamba bega la kitenge cha Kavugho limelowa, na kwamba hakulipangusa mbele yao. Kavugho akawasaidia kuosha, akasokota vanila moja kando ya sikio la Léa, haraka kama mtu anayefunga mfuko wa unga. "Umeona? Mbili, zungusha, basi." Mara honi ikalia barabarani. Lori lake la unga lilikuwa limefika. Akakimbia.

Basi. Mbili, zungusha. Delphine akagawa nywele, akaongeza meshi, akasokota ya kwanza mpaka chini. Ikapendeza. Akasokota ya pili, ya tatu, ya nne. Alipokuwa kwenye ya tano, ya kwanza ikaanza kujizungusha yenyewe kurudi nyuma, polepole, kama mtu anayeaga wageni, na mwishowe ikafumuka yote. Ya pili ikaifuata.

Akaanza tena, akikaza zaidi.

"Ayii, Kambo!"

"Vumilia kidogo, mama yangu."

Zikafumuka. Akakaza mpaka viungo vya vidole vikamuuma, vile vinavyomwuma wakati wa baridi. Zikafumuka tena. Ile moja tu ya Kavugho, pale sikioni, ilikuwa imetulia kama haihusiki.

"Sikiliza, Léa," Delphine akasema mwishowe. "Nikuwekee uzi. Uzi nauzoea. Mama yako alikula komunyo na nywele za kuzungushiwa uzi, na alipendeza."

Léa aliinamisha kichwa. Alikuwa anachuna nyasi za mkeka.

"Siku ya Pasaka uliniwekea uzi," akasema. "Zikasimama. Batoto ba katekisimu baliniita Antena. Balinivuta sikio, bakasema, 'Tafuta radio, tafuta radio.' Mpaka leo banasema."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umechoka kusuka. Na ulisema, 'Angalia vile umependeza.'"

Delphine akakiweka kichana chini. Alikumbuka Pasaka ile. Alikumbuka mtoto akimshukuru, na kumbe alikuwa ametoka kanisani ameshikwa masikio. Miezi yote hiyo Léa alimficha jambo hilo ili asimwumize, mtoto wa miaka tisa.

"Ikikatala, kesho siende," Léa akasema kwa sauti ndogo. "Useme niko na homa."

"Hakuna homa. Itakubali."

Lakini hakujua itakubali namna gani. Jua lilikuwa limeshuka kwenye ukuta wa Kavugho. Akashika tena nywele mbili. Alphonse, aliyekuwa ameleta kiti chake karibu ili aone vizuri, akainama mbele.

"Unapota mubaya," akasema, akisokota vidole hewani.

Hapo ndipo subira ya Delphine ilipofika mwisho wake. "Weye! Nilikutuma saa sita, ukarudi saa tisa na keki! Sasa unajua kusuka? Kupiga dama ndiyo imekufundisha? Enda ukapote zile paketi zako!"

Alphonse akavua kofia, akaiangalia ndani, akaivaa tena. Léa alikuwa ameacha kuchuna mkeka.

"Kusuka sijui," akasema mzee. "Kamba najua. Tulikuwa tunafunga maturubai juu ya mabehewa. Kamba ikikatika njiani, unapota ingine mwenyewe. Lete."

"Lete nini?"

"Lete moja. Moja tu. Ikiharibika utanipiga."

Delphine akamwachia, si kwa kumwamini, bali kwa kuwa vidole vyake vilikuwa vinawaka moto. Alphonse akashika fungu moja la nywele kati ya vidole vyake vinene, kwa woga, kama mtu anayeshika kifaranga.

"We unafanya hivi: unakamata mbili, unazizungusha pamoja. Basi. Hazina sababu ya kushikana. Angalia. Kwanza hii yenyewe, peke yake, unaipota kuume." Akaisokota kulia mpaka ikakaza. "Mwenzake vilevile, peke yake, kuume. Umeona? Sasa zote mbili pamoja, unazipeleka kushoto. Hii inataka kufunguka, mwenzake anaikataza. Na mwenzake akitaka, hii inamukataza."

Akafika mwisho, akaachia. Ilikuwa nene juu na nyembamba chini, imepinda kama mkia wa mbuzi. Wote watatu wakaingoja. Haikufumuka.

"Mi naona iko mubaya," Alphonse akasema.

"Iko mubaya sana," Delphine akasema. "Lakini inakaa." Akaifumua, akaisokota upya kwa mikono yake, kuume, kuume, kisha kushoto. Ikakaa, tena imenyooka.

Tangu hapo kazi ikaenda, ingawa haikuenda bila maneno. Kwa kuwa vidole vya Delphine vilichoka, Alphonse alishika fungu moja lililokwisha kukazwa ili lisilegee, huku mkewe akikaza la pili. Aliachia kabla ya wakati. Alivuta. Alisimulia habari za treni iliyokwama siku mbili porini, na mikono yake ikasimama pamoja na treni.

"Baba Abi, nywele!"

"Nashika."

"Unashika sikio."

"Kambo mwanaume, sikio inauma," Léa akasema, lakini sasa alikuwa anacheka, na mabega yake yalikuwa yameshuka.

Mwanga ulipokuwa unakwisha, vanila ishirini na mbili zilikuwa zinaning'inia. Delphine alichovya ncha zake katika maji ya moto ili zisifumuke, chache chache, akiwa amemwekea mtoto kitambaa ili tone lisimguse shingoni. Léa akatikisa kichwa kulia, akatikisa kushoto. Akaruka mara kumi. Kisha akachukua zile paketi tano za vanila zilizobaki, akampelekea Kavugho, kwa kuwa Delphine hakuona asante nyingine iliyokuwa ndani ya nyumba.

Asubuhi walikuta keki mlangoni, imefunikwa kwa sahani, bado ina joto. Kavugho alikuwa ameshaenda kazini. Delphine alisimama nayo kidogo kabla ya kuiingiza ndani, akiwaza saa aliyoamka yule mama.

Kanisani walifika mapema. Léa alitembea na shingo ndefu, vanila zikicheza mgongoni. Mtoto mmoja langoni akafungua mdomo kusema, "Ante...", akaona, akaufunga. Delphine alimwona. Hakutabasamu, maana alikuwa mtu mzima na mahali palikuwa patakatifu, ila aliushika mkoba wake kwa nguvu.

Ndipo Papa Clément, katekista, akatokea na boksi mikononi.

"Bamama, habari njema! Masista balishona vitambaa bya kichwa kwa mabinti bote. Bavae bote sawasawa, asikuwe wa kujificha kwa sababu hana cha kuvaa."

Kilikuwa kitambaa cheupe, kizito, kinachoanzia kwenye paji la uso na kuishia mabegani. Papa Clément akamvika Léa, akakivuta mbele vizuri, akabana kwa pini mbili. Vanila ishirini na mbili zikapotea zote.

Delphine akaangalia kitambaa. Akaangalia vidole vyake vilivyovimba. Aliwaona pia mabinti wawili wa nyuma, vichwa vyao vimenyolewa, wamevaa kitambaa hicho hicho na kusimama wima kama wengine, na akajua kwamba masista wamefanya vema. Lakini si Papa Clément angesema Ijumaa? Si angesema hata jana asubuhi?

"Angesema," akamnong'oneza Alphonse kwa hasira. "Neno moja tu. Angesema!"

"Tungekula keki mapema," Alphonse akasema.

Misa ilikuwa imefika katikati Abigaëlle alipoingia, kitenge kimejaa vumbi la njia, akajisukuma kwenye benchi kando ya mama yake.

"Ulimusuka vanila?"

"Nilimusuka."

"Ziko wapi?"

"Ndani."

Watoto wakapanda mmoja mmoja. Léa akapokea, akainama, muda mrefu kuliko walivyofundishwa, na alipoinuka vanila moja ilikuwa imeponyoka chini ya kitambaa na kulala shavuni. Hakuirudisha. Akashuka nayo hivyo, mikono imeunganishwa, akipita katikati ya benchi zote. Delphine aliitazama ncha yake tu. Aliitazama ikipita benchi la kwanza, la tatu, la tano, akiwa ameshika pumzi, akiingoja ianze kuzunguka na kuaga. Ikapita mbele yake imekaza vilevile.

"Mama," Abigaëlle akanong'ona, "iko muzuri sana. Nani alikufundisha?"

Delphine akageuka upande wa pili kumwonyesha. Alphonse alikuwa amelala, kofia magotini, mdomo wazi, katikati ya komunyo ya kwanza ya mjukuu wake.

"Eh, Mungu wangu," Delphine akasema, na akampiga kiwiko, kwa upole kuliko alivyokusudia.