Wiki ya Kivuli

Jumamosi asubuhi Mama Breki alifunga kamba za raba zake, akafuta kioo cha kamera ya simu kwa pindo la blauzi, akatoka kwenda msituni na kundi lao la matembezi. Kazi yake ilikuwa kufundisha udereva, na jina hilo alipewa na wanafunzi wake, kwa sababu mguu wake wa kulia ulikanyaga breki hata akiwa mezani anakula. Kundi lilikuwa la wifi yake. Kila wiki wifi alitoa mada, watu wakatembea, kila mmoja akapiga picha moja, na jioni wifi akatangaza mshindi. Wiki ya mviringo, Mama Breki alipeleka picha ya kidole chake mwenyewe. Wiki ya kutu alipeleka kidole hichohicho.

"Wiki hii ni kivuli," wifi alisema. "Na wewe wifi, tafadhali, kidole kiache nyumbani."

Njia ilizunguka kilima, ikapita katikati ya miti, ikaishia nyuma ya zahanati. Hapo palikuwa na mkuyu mkubwa, na chini yake wagonjwa walikaa wakisubiri kuitwa. Mama Breki alichuchumaa, akakilenga kivuli cha mkuyu, akabana pumzi, akabonyeza. Picha ilitoka safi. Alifurahi hata akasahau kuaga wenzake.

Alipofungua mlango wa nyumbani, kivuli kiliingia naye. Kilikuwa kimemfuata njia nzima, na yeye alidhani ni wingu. Kilijitandaza sebuleni, kikapanda ukuta, na kwa kuwa nyumba ilikuwa ndogo, kilichobaki kikatokea dirishani na kufunika ua. Vivuli vya majani vikawa vinacheza juu ya kochi. Mumewe, aliyekuwa anasoma gazeti, aliinuka akavaa sweta.

"Kitalala hapa?" aliuliza.

"Sijui. Mimi nimekipiga picha tu."

"Basi kisogee kidogo, sioni herufi."

Kivuli kikasogea.

Jioni wifi alifika, akakaa kwenye kochi, akasifu ubaridi.

"Picha yako imezishinda zote," alisema, "lakini nimekutoa mashindanoni. Kanuni yetu unaijua: tunachukua picha tu, hata jani halibebwi. Wewe umebeba kivuli kizima."

"Kimenifuata chenyewe, wifi."

"Hata wezi wa kuku husema hivyo."

Kutolewa hakukumuuma sana. Kilichomuuma alikiona Jumatatu, alipopita zahanati na mwanafunzi wake. Mkuyu ulikuwa umesimama na majani yake yote, na chini yake jua liliwaka kama barabarani. Wagonjwa walikuwa wamejibanza ukutani. Mama mmoja alimfunika mtoto kwa mtandio, yeye kichwa wazi. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na baraza lenye paa zuri, na neno WAGONJWA lilisomeka waziwazi juu yake. Ndani ya baraza liliegeshwa gari la mganga mkuu. Lilikuwa humo miaka yote. Mama Breki alikuwa akipita hapo kila Jumamosi, lakini kwa kuwa mkuyu ulimpa kila mtu nafasi, hakuwahi kuuliza.

Alikanyaga breki kwa nguvu mpaka mwanafunzi akaomba msamaha.

"Baraza hili si la wagonjwa?" alimuuliza muuguzi.

"Ni la wagonjwa."

"Na gari?"

"Gari ni la mganga mkuu."

Mganga mkuu mwenyewe alimsikiliza kwa upole, akamweleza kwamba rangi ya gari lile hupauka upesi.

Mama Breki aliifuta picha kwenye simu. Kivuli kilibaki sebuleni. Akakirudisha kwa miguu mpaka chini ya mkuyu, kikakaa pale kwa muda wote aliosimama, naye alipogeuka kuondoka, kikageuka pia. Wagonjwa walikuwa wanamtazama, na yule mtoto alikuwa ameanza kulala.

Basi akawachukua wao, waje nyumbani kwake. Wanafunzi wake waliwabeba kwa gari la mafunzo, polepole, taa za kukata kona zikiwaka hata penye njia iliyonyooka. Muuguzi alihamishia mizani ya watoto kwenye meza ya kulia chakula, akawa anaita majina kutoka jikoni. Mume wa Mama Breki alizoea kuuliza "Nani wa mwisho?" kabla ya kuingia bafuni. Wifi alileta mikeka, akasema bado hajabadilisha uamuzi.

Mganga mkuu alipoona uwanja umebaki mtupu, alileta gari la mkewe, akaliegesha chini ya mkuyu, pale walipokuwa wakikaa watu. Kufika saa sita lilikuwa halishikiki. Akamtuma mlinzi kwa Mama Breki, aulize kama wangeweza kuazimwa kivuli kidogo, hata cha boneti tu.

Mama Breki alimwambia mlinzi ashike nafasi, nyuma ya yule bibi mwenye kikohozi.

Mlinzi alivua kofia, akakaa.