Shangazi Atakuja

Siku ya mkutano wa wazazi, mwalimu Cansilde aliweka tableti juu ya madawati ili kila mmoja ajionee kile ambacho watoto wangefundishwa katika somo la kubalehe na uzazi. Ukivaa spika za masikioni, unasikia hadithi ya msichana anayekua. Hadithi inafika mahali inasimama, inakuuliza: sasa afanye nini? Unabonyeza jibu, nawe unaonyeshwa litakalompata. Mama mmoja alikuwa na macho mabovu. Cansilde alichuchumaa kando yake, akamsomea majibu ya kuchagua polepole, kwa sauti ya chini, ili wengine wasijue.

Hakimu, dereva wa basi dogo la Rubona, hakuzivaa zile spika. Alirudisha tableti juu ya meza kwa vidole viwili.

"Mwalimu, mi sina ubaya na mashine," alisema. "Lakini kwetu mambo ya mutoto mwanamuke ni ya shangazi. Sasa hii iko shangazi ya nani?"

Wazazi wakacheka. Cansilde naye alicheka kidogo.

"Bon, baba Nasrine. Na shangazi mwenyewe iko wapi?"

"Iko Goma. Hapo tu ng'ambo ya mpaka. Atakuja."

"Atakuja lini?"

"Aa, mwalimu! We unauliza kama unataka kumuposa."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi, na mambo yakaishia hapo. Nasrine alikuwa na miaka kumi na tano. Baba yake alikuwa na tamaa moja tu, binti huyu amalize sekondari, kwa sababu nyumbani kwao Nengo hakuna aliyewahi kuimaliza. Kila asubuhi alimpeleka shuleni kwa basi lake, na kiti cha mbele hakumpa abiria mwingine.

Siku za somo lile, Nasrine na wenzake wachache waliokatazwa na wazazi walitoka darasani, wakakaa kwenye ukuta wa mawe meusi ya volkano, wakingoja. Belise, aliyekaa naye dawati moja, alijaribu kumsimulia aliyoyasikia. Nasrine alimkatiza.

"Mi shangazi yangu atanieleza yote. Hata yale mashine yenu haijui."

"Basi ukishaelezwa, utuambie na sisi," Belise alisema. Hakumkasirikia.

Shangazi huyo ni Saidati, dada mkubwa wa Hakimu, muuza vitenge wa Goma. Hakuwa mzembe, wala hakuwa na roho mbaya. Alipokuwa msichana, shangazi yake mwenyewe alimketisha mkekani, akafunga mlango, akamweleza bila haraka mpaka hofu yote ikamtoka. Saidati hakuwahi kuusahau wema ule. Alitaka Nasrine aupate vilevile, na alishamtengea kitenge cha siku hiyo, cha manjano.

Lakini vita ikaingia Goma, safari ikaahirishwa. Hali ilipotulia aliogopa kuliacha duka. Kisha ukaja mfungo, kisha harusi ya jirani. Kila siku alimtumia mdogo wake ujumbe wa sauti: salamu, bei ya nguo, habari za wagonjwa, hata namna ya kupika wali usishikane. Kila jambo lilivuka mpaka kwa simu, isipokuwa lile moja.

Siku moja ukaja ujumbe wa Nasrine. Alisema harakaharaka.

"Shangazi, salam aleikum. Niko na rafiki. Kijana mumoja amemwambia ati mimba haishike mara ya kwanza. Ni kweli?"

Duka lilikuwa na wateja, na simu ilikuwa imepandishwa sauti. Wanawake waliokuwa wakichagua vitenge walitazamana. Saidati aliizima simu, uso ukimwaka kwa aibu. Jibu alilijua. Neno moja tu, "hapana", lingetosha. Alingoja wateja waondoke, akafikiri, kisha akamjibu hivi:

"Mwanangu, mambo hayo hayasemwi kwa simu. Ningojee, tutaketi muzuri."

"Ndiyo, shangazi," Nasrine alijibu. Hakuuliza tena.

Muhula ulikuwa unakaribia kwisha Saidati alipovuka mpaka wa Grande Barrière, mkeka mpya begani. Nasrine alikuja kumpokea, akamtua mzigo kabla hajaombwa.

"Eh! We umenona," shangazi alimtania. "Hakimu anakupikia nini?"

Nasrine alitabasamu, akatangulia na mzigo.

Mchana ule walifunga mlango, wakatandika mkeka. Saidati alianzia mbali, kama alivyoanziwa yeye. Alisema juu ya usafi, juu ya hedhi, juu ya maneno matamu ya vijana na ahadi zao, na jinsi msichana anavyoweza kusema hapana bila kuogopa. Alisema vizuri. Koo lilipomkauka, Nasrine alimmiminia chai. Alipomaliza alimvisha kile kitenge mabegani, akashusha pumzi.

"Bon. Uko na swali?"

"Hapana, shangazi. Umesema muzuri sana." Nasrine alikunja pindo la kitenge. "Lakini mimba iko ndani tayari. Huu ni mwezi wa ine."

Saidati aliweka kikombe chini. Nje mtu alikuwa akipasua kuni.

"Ile rafiki yako..."

"Haikukuwa rafiki, shangazi."

"Na kijana?"

"Cedric. Tulikuwa tunasoma naye hesabu. Mama yake amemupeleka kwa wajomba."

"Sasa mbona umeniacha niseme yote hayo?"

"Umetoka mbali," Nasrine alisema. "Na ulikuwa umejitayarisha."

Ndipo Saidati alipolia, na mtoto ndiye aliyembembeleza.

Hakimu alipoambiwa hakumpiga mtu. Alitoka, akapakia abiria stendi, akaendesha mpaka Rubona akipita vituo vyote bila kusimama. Abiria walipiga mabati ya basi wakipaza sauti, naye hakuwasikia.

Kesho yake Saidati alimpeleka Nasrine kwa mwalimu Cansilde, na Hakimu akawaleta kwa basi lakini hakushuka. Cansilde hakulaumu. Alimpa Nasrine kiti chenye mto, akasema kwamba mimba haimfukuzi mtu shule. Ataendelea kusoma, atajifungua, atarudi. Yeye mwenyewe atamsindikiza kituo cha afya.

"Ila nataka baba yake atamke mbele yake kwamba anamurudisha shule. Mutoto akisikia kwangu tu, haitoshe."

Saidati aliomba aonyeshwe lile somo. Cansilde alimvalisha spika juu ya mtandio, taratibu. Msichana wa kwenye hadithi aliuliza swali lilelile la Nasrine, karibu kwa maneno yaleyale. Jibu lilikuwa fupi kuliko salamu. Saidati alilisikiliza, akaomba lirudiwe, akalisikiliza tena. Kisha akavua spika, akatoka nje.

Hakimu alikuwa akifuta kioo kisicho na vumbi.

"Ingia," Saidati alimwambia.

"Niingie niseme nini, dada? Wazazi wote niliwachekesha mbele ya mwalimu."

"Hakuna mutu anacheka leo."

"Mi ndiye nilimutoa darasani."

"Na mi ndiye aliniuliza, nikanyamaza. Njoo tukae wote wawili."

Alikunja kitambaa, akakiweka kwenye kiti cha mbele. Alivua kofia, akaingia, akakaa pembeni ya dawati dogo lililomminya magoti.  Cansilde alimngoja kama anavyomngoja mwanafunzi mzito wa kusoma.

"Atasoma," Hakimu alisema. Kisha akamgeukia binti yake. "Nasrine, utasoma. Mi nitakuleta, na mutoto atalelewa nyumbani."

Nasrine alisema "ndiyo, baba", bila kuinua macho. Kengele ililia, na wenzake wakaanza kuingia darasa la jirani wakisukumana. Aliwasikiliza mpaka wote wakaingia, wasije wakamwona, kisha akaomba ruhusa atoke apate hewa, na Cansilde akainuka kumfungulia mlango.