Kiti cha Kushoto

Letisia alikuwa anakufa hospitalini Kilosa, na mama yake alikuwa Malolo. Mumewe, Oswald, alikuwa na gari.

Ugonjwa ulikuwa wa ini. Tumbo lilijaa maji, mikono ikabaki vijiti. Daktari alimwita Oswald pembeni akamwambia asihesabu wiki, ahesabu siku. Letisia mwenyewe hakuhitaji kuambiwa.

"Niletee mama," alisema. "Sitaki dawa nyingine. Anipakate kichwa tu, kama zamani."

Mama Domina hakuwahi kukanyaga Kimamba tangu binti yake aolewe huko. Wakati wa posa alisema wazi kwamba hatoi mtoto kwa mwana wa manamba, mtu aliyezaliwa kambini kwenye mkonge, ambaye ukoo wake haujulikani unaanzia wapi. Letisia akaenda hivyo hivyo. Mahari ilipokelewa baadaye kwa shingo upande, na baada ya hapo kukawa na salamu za kutumiana, basi.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, la mbio, lenye viti viwili na turubai la kukunja badala ya paa. Lilikuwa la meneja Mgiriki wa shamba la mkonge. Serikali ilipolichukua shamba, Mgiriki alifunga mizigo yake, akamwachia ufunguo Oswald, fundi wake wa karakana. Majirani walicheka. Walimwita kabaila wa viti viwili. Wengine walisema, tena bila kunong'ona, kwamba gari lisilo na nafasi ya mtoto limepata wenyewe, maana Oswald na Letisia hawakujaliwa kuzaa.

"Waache," Letisia alimwambia. "Tuko wawili, na viti viwili. Limekatwa kwa kipimo chetu."

Jumapili walikwenda nalo Kilosa kanisani, Letisia kiti cha kushoto, kitenge kimefungwa kichwani kwa mafundo mawili, mkono juu ya mlango.

Tairi zilipokwisha, za kipimo kile hazikupatikana, si Morogoro, si Dar es Salaam. Gari likakaa juu ya mawe mwaka mzima. Kisha pikapu moja ikagongana na nyati karibu na Mikumi, na Oswald akanunua magurudumu yake yote manne, ringi na tairi. Yalikuwa mapana kuliko yale ya zamani. Matundu ya nati yalilingana, lakini tundu la katikati lilikataa, akalikwangua kwa tupa jioni baada ya jioni mpaka likakubali. Alipoyafunga, magurudumu yalichomoza nje ya bodi. Ya nyuma yaliingia chini ya madigadi kwa nafasi isiyozidi unene wa kidole. Akaikunja midomo ya madigadi kwa nyundo, akapata kidole cha pili.

Gabrieli, dereva wa lori la ushirika na rafiki yake wa tangu utotoni, alisimama akitazama huku anakula muwa.

"Umemvisha mtoto viatu vya baba yake," alisema.

"Panda, acha maneno."

Gabrieli alikuwa mtu wa kilo nyingi. Alikaa kiti cha kushoto wakaenda mpaka Kilosa na kurudi. Tairi hazikugusa popote. Kwenye kona gari liling'ang'ania barabara kama kinyonga tawini. Gabrieli mwenyewe alikiri.

Safari ya kwanza ya Letisia juu ya magurudumu yale ilikuwa ya kupelekwa hospitali.

Sasa Letisia alipomtaka mama yake, Gabrieli alikuwa anakwenda Malolo kupakia vitunguu. "Nitarudi naye kesho," alisema. "Nitamweka kabini, mbele, kama bibi arusi."

"Mama mkwe wangu nitamleta mimi."

"Ndugu yangu, kwenye kigari kile? Mkae bega kwa bega, wewe na mama mkwe?"

"Nitamleta mimi, Gabrieli. Litawahi kuliko lori."

Alitaka watu wa Malolo waone. Hilo alilijua moyoni, ila aliliita haraka.

Alifika Malolo asubuhi ya kesho yake. Nyumba za kijiji kipya zilikuwa zimepangwa mistari, udongo wa kuta bado haujakauka vizuri. Lori la Gabrieli lilikuwa kando, limejaa vitunguu, linafungwa kamba. Oswald alichutama mbali na mlango kama ilivyompasa. Mama Domina alitoka akampa mgongo, khanga imefunika uso. Kati yao alisimama Stefano, kaka yake Letisia, maana mkwe na mama mkwe hawasemeshani ana kwa ana.

"Mwambie mkwe nimesikia," alisema mama Domina. "Nimeshafunga mzigo. Nitapanda lori."

"Mwambie mama gari langu litafika mapema."

Mama Domina alikwenda kuliona. Alilizunguka lote. "Nitakaa wapi?"

"Hapa, mama, kushoto," alisema Stefano.

"Hicho ni kiti cha mke wake. Halafu bega langu liguse la mkwe njia nzima? Mnataka nichekwe na waliokufa?"

Wanakijiji walikuwa wamekusanyika. Oswald aliwaona wanavyotazama gari, kisha wanavyomtazama yeye. Angeweza kunyanyua mkono na kumwita Gabrieli.

"Mwambie mama," alisema, "Letisia anasubiri."

Basi mama mtu mzima akakubali nusu. Hakukaa kwenye kiti. Alipanda nyuma, juu ya turubai lililokunjwa, akakalia bodi yenyewe upande wa kushoto, uso kaupeleka porini. Alikuwa mwanamke wa mwili. Akapakiwa na mchele wake, na vitunguu, na kuku mmoja.

Gabrieli alikuwa ameshawasha lori. "Oswald! Mama ni mzito kule nyuma!"

"Springi hizi ni chuma cha Ulaya. Nitakupita kabla ya Mikumi."

"Haya. Ukinipita, vema. Nisipokuona, nitaingia wodini nimwambie mgonjwa mko njiani."

Lori lilitangulia. Lami ilikuwa mpya na nyeusi. Oswald alikanyaga mafuta. Upepo ulimpiga masikioni, na kila walipopita watu aliinua kidevu kidogo.

Mama Domina ndiye aliyesikia. Chini yake, gari lilipobonyea, kulikuwa na sauti kama ya mtu anayekuna nazi. Ikaja harufu ya mpira. Alikohoa. Alikohoa tena kwa nguvu. Oswald alidhani ni vumbi, akapunguza mwendo kidogo kwa heshima, kisha akasahau. Mwisho yule mama aliinua sauti, akaiambia milima:

"Mwambieni mkwe kuna kitu kinaungua."

Upepo ulilichukua neno hilo ukalipeleka nyuma.

Tairi ilipasuka kabla ya Mikumi. Gari liliyumba, likatoka barabarani, likasimama kwenye majani. Kuku alipiga kelele. Hakuna aliyeumia.

Oswald alipiga jeki. Tairi ilikuwa imechanjwa duara zima, ubavu wa nje, kama kwa kisu. Mdomo wa madigadi uling'aa pale ulipolambwa. Spea hakuwa nayo. Gurudumu pana halikuingia kwenye shimo la spea, na yale membamba ya zamani yalikuwa na vipara, aliyaacha nyumbani. Aliketi chini akashika kichwa.

Mama Domina aliteremka. Alisimama mbele yake, na khanga haikuwa usoni.

"Baba," alisema, "nilisikia harufu mapema."

Oswald aliinamisha macho. "Mbona hukuniambia, mama?"

"Ningekuambia kwa mdomo wa nani?"

Yule mama alikuwa ameshaanza kung'oa majani. Walijaza tairi kwa majani badala ya upepo, yeye akiyasokota kama anavyosokota kata ya kubebea ndoo, Oswald akiyashindilia kwa kipande cha mti. Walikula muda mwingi sana pale. Walipomaliza, mama Domina alifungua mlango wa kushoto mwenyewe, akaketi. Bega liligusa bega. Hakuna aliyecheka.

Walikwenda Mikumi mwendo wa mtu anayesindikiza maiti. Huko, penye malori, fundi mmoja aliwatafutia tairi kuukuu iliyoingia kwenye ringi ile. Akachukua msumeno kuikata madigadi. Oswald alimzuia. Alikuwa ameinama anatazama, mama Domina akiwa kitini, si nyuma juu ya bodi: palikuwa na nafasi ya vidole viwili, kama siku ile na Gabrieli.

Kutoka Mikumi kwenda Kilosa ni barabara ya udongo, mashimo matupu. Oswald alitega sikio njia nzima. Tairi haikugusa kitu. Kila shimo lililopita salama lilimchoma.

Mama Domina alizungumza. Alisema Letisia alipokuwa mdogo alikataa kulala mpaka apakatwe kichwa, hata aliposhaota matiti. Alisema, "Kumbe gari lina kiti kizuri." Kisha akauliza, "Hapa ndipo alipokuwa akiweka mkono?" Rangi ya juu ya mlango ilikuwa imefifia mahali pamoja.

"Hapo, mama."

Akaweka wake.

Jua lilikuwa linazama walipovuka mto Mkondoa. Gabrieli alikuwa amekaa kwenye ngazi ya wodi, kofia mkononi. Alipowaona akasimama, na Oswald hakuzima injini.

"Nilimwambia mnakuja," alisema Gabrieli. "Alifurahi. Akaomba ageuzwe aelekee dirishani. Kila gari likipita aliuliza kama ni jekundu." Aliizungusha kofia. "Ameondoka sasa hivi. Hata shuka hawajamfunika."

Mama Domina alimpita. Alipanda kitandani na miguu yake yenye vumbi, akakiweka kichwa cha binti yake mapajani. Kilikuwa bado na joto.

Matanga yalipokwisha, Oswald alilirudisha gari juu ya mawe, akayafungua magurudumu yote manne, akayaegemeza ukutani. Mama Domina alikaa Kimamba mpaka mvua. Alimsemesha Oswald uso kwa uso, akampakulia chakula kwa mkono wake, na majirani walinong'ona. Asubuhi ya kuondoka alipanda lori la Gabrieli, kabini, mbele.

Safari ile ilikula tairi moja. Ilikwangua madigadi moja, ya nyuma kushoto. Ilikula mchana mmoja wa Letisia, tangu lori lilipofika mpaka jua lilipotua, akitazama dirishani.